Kelele kwenye Redio Koli: Chanzo Chake na Hatua za Kuchukua

Katika mabonde ambako mtandao wa simu haufiki, redio koli inaweza kuwa njia pekee ya kuita msaada. Ujumbe ukimezwa na kelele, mgonjwa huchelewa. Wakati mwingine kelele hizo hutoka kwenye mtambo wa jirani asiyejua kwamba anasumbua mtu.

Baadhi ya mitambo ya kurusha matangazo huanza na masafa madogo na kuyazidisha mara mbili. Saketi inayopokea megahezi 50 hutoa 100, ambayo ni masafa ya FM. Hata hivyo, ile 50 huvuja, na 150 na 200 huzalishwa pia. Redio koli nyingi za VHF hutumia masafa kati ya megahezi 136 na 174. Kwa hivyo ile 150 huingilia mawasiliano ya wengine.

Wafanyakazi wa viwanda vya chai wanalielewa jambo hili. Chai iliyokaushwa hupitishwa kwenye chekeche ili PF1 itengwe na vumbi. Saketi nayo huhitaji kichujio kinachopitisha 100 na kuzuia mengine.

Fundi anashauriwa:

1. Aunganishe mtambo na rezista ya omu 50 inayohimili nguvu yake badala ya antena, ili majaribio yasisumbue wengine.
2. Akague umeme unaoingia na waya wa ardhi. Mvumo mzito mara nyingi huanzia hapo.
3. Apunguze nguvu inayoingia kwenye saketi. Ikizidi, mawimbi yasiyotakiwa huongezeka.
4. Arekebishe koili na kichujio, kisha apime masafa yote yanayotoka.
5. Ahakikishe chanzo cha mawimbi hakiyumbi. Kikiyumba kwa kilohezi 1, mawimbi yaliyozidishwa yatayumba kwa kilohezi 2.

Mkazi anayesikia kelele azime kwanza swichi kuu ya nyumba huku akisikiliza redio ya betri. Zikikoma, chanzo ni kifaa chake, kama vile chaja au balbu. Zikiendelea, aandike saa, mahali na masafa.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, mawasiliano na utangazaji ni jukumu la serikali ya kitaifa, si la kaunti. Malalamiko yapelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo pia hutoa leseni za masafa. Wenye mitambo wanakumbushwa kwamba kurusha matangazo bila leseni ni kosa la kisheria.