Mchezaji Asiye na Jina Bado Naye Ana Bei

Mabishano kuhusu usajili wa zamani humalizwa kwa jina moja. Mtu akishataja Samatta, inaamuliwa papo hapo kwamba Simba walimwachia TP Mazembe dhahabu mwaka 2011. Hukumu hiyo inawaonea waliosaini. Mbwana Samatta alikuwa na miaka 18. Genk na Aston Villa walikuwa bado hawajamtaka. Kwanza tuulize kilichojulikana siku ile, kisha kilichotokea baadaye, na majibu hayo mawili yasichanganywe.

Kosa hilo lina mfano maarufu Marekani. Oktoba 1989 Dallas Cowboys, klabu ya futiboli ya Kimarekani, walimtoa nyota wao, Herschel Walker, kwa wenzao Minnesota Vikings. Walipewa wachezaji kadhaa, na zaidi ya hao nafasi za kuchagua vijana katika miaka ijayo: watu ambao bado hakuna aliyewajua. Nafasi mojawapo waliibadilisha tena na klabu nyingine, wakasogea mbele kwenye foleni ya kuchagua na kumchukua Emmitt Smith mwaka 1990. Leo husemwa kwamba Walker alibadilishwa na Smith. Hapana. Kwa upande wa Smith, Vikings walitoa nafasi tu. Jicho la kumwona Smith lilikuwa la Cowboys wenyewe, na jicho halimo katika bei ya Walker.

Kwetu hakuna foleni hiyo. Mchezaji wetu asiye na jina amejificha kwenye asilimia ya mauzo yajayo, na kwenye mchango wa mshikamano wa FIFA. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Villa walipomnunua Samatta Januari 2020, ada iliyotajwa na vyombo vya habari ilikuwa kama pauni milioni 8.5. Mwaka mmoja wa malezi baada ya kutimiza 16 hupata asilimia 0.5, yaani pauni 42,500. Kwa klabu ya mtaani, hiyo ni bajeti ya misimu kadhaa.

Lakini asilimia ya mauzo yajayo ni ahadi, na ahadi hupimwa pia kwa anayeahidi. Januari 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Malipo yakakwama, shauri likafika FIFA. Ikiwa mchezaji mwenye jina na bei iliyoandikwa analeta mzozo, asilimia ya kijana asiyejulikana lazima ikatwe thamani zaidi.

Hapa Moshi nina wasiwasi na hatua ya mwanzo kabisa, yaani usajili wa kijana. Vijana wengi wa Pasua, Majengo na Kiboriloni hucheza miaka mingi bila usajili rasmi, wakiwa na kocha anayewanunulia hata viatu. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu jijini Paris kinachogawa fedha hizi kwa kufuata kumbukumbu za usajili za kila nchi. Kinasoma fomu iliyoingizwa kwenye mfumo. Jasho la kocha wa Pasua lisiloandikwa popote hakiwezi kulisoma.