Mwalimu Kijana Aendaye Ng'ambo

  Walio mbali na redio na wasogee karibu.

Leo tutazungumza juu ya vijana wanaotoka kwao na kwenda nchi ya mbali kufundisha Kiingereza. Tutajiuliza: ni kitu gani kinachowatoa kwao? Tena, ni kitu gani kinachowafanya wakae huko? Tutachukua mfano wa nchi moja, Japani.

Mwaka 1987 Serikali ya Japani ilianzisha mpango uitwao JET. Wakati huo Japani ilikuwa imetajirika. Motokaa zake na redio zake zilikuwa zimeenea duniani. Lakini nchi ilizofanya nazo biashara, hasa Marekani, zilinung'unika kwamba Japani yauza kwa wengi na kuwafungia wengine mlango. Tena, watoto wa Japani walisoma Kiingereza miaka mingi, wakakijua kwa kalamu, lakini ulimi ukawa mzito. Basi serikali ikaalika vijana waliomaliza chuo kikuu. Mwaka ule wa kwanza walifika 848, kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Tangu hapo wamekwisha pita zaidi ya 70,000, kutoka nchi nyingi.

Kazi yao ni nini? Wengi wao ni wasaidizi wa mwalimu. Mwalimu wa Kijapani ndiye mwenye somo. Mgeni husoma kwa sauti, huzungumza na watoto, na kusahihisha matamshi. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, nao waweza kuongezwa mpaka miaka mitano.

Matamshi yana kazi kubwa. Kijapani hakitenganishi sauti ya R na ya L. Hata hapa kwetu wapo ndugu zetu ambao sauti hizo huwachanganya. Tena Kijapani hupenda kumaliza neno kwa irabu, kama Kiswahili chetu. Sisi twasema basi, wao husema basu. Sisi twasema hoteli, wao husema hoteru. Mtoto aliyezoea hivyo hupata taabu kulikata neno la Kiingereza mahali panapotakiwa. Ndiyo maana yafaa amsikie mtu aliyekua na lugha hiyo.

Sasa tuzitazame sababu. Wengine huenda kwa kutafuta kazi na mshahara, na hilo si aibu. Wengine wataka kutembea na kuona dunia. Wengine waliipenda Japani tangu utotoni, kwa hadithi zake au kwa mchezo wa judo. Wengine wataka kujipima kama kazi ya ualimu yawafaa. Sababu hizi zote zaweza kumtoa mtu kwao. Je, zatosha kumkalisha huko?

Hapa nisikilizeni sana. Kijana huyu ana shahada ya chuo kikuu. Afika Japani, na tazama, hajui kusoma! Kibao cha basi hakimwambii kitu. Dukani hajui ipi ni pakiti ya chumvi na ipi ni ya sukari. Barua ikija kutoka ofisini, lazima atafute mtu wa kumsomea. Wengi wenu mwaijua hali hiyo, na mwajua inavyouma.

Kijapani huandikwa kwa maandishi ya namna tatu. Mbili, hiragana na katakana, zina alama 46 za msingi kila moja, na alama nyingi husimama kwa silabi nzima, kama ka, sa, ma. Ya tatu ni kanji, iliyotoka China. Kanji zilizowekwa kwa matumizi ya kila siku ni 2,136. Mtoto hufundishwa 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi.

Basi mgeni ana njia mbili. Akijiona bwana mkubwa aliyewaletea watu elimu, atakaa chumbani peke yake akihesabu siku. Akikubali kuwa mwanafunzi, hata watoto watamfundisha. Atavua viatu mlangoni kama wao. Katika shule nyingi atakula nao chakula cha mchana darasani. Kisha atashika ufagio pamoja nao, maana huko watoto husafisha shule yao wenyewe. Yeye atoa neno la Kiingereza, wao wampa la Kijapani. Huko ndiko kubadilishana utamaduni: nipe nikupe.

Mmoja wa walimu hao alikuwa Taylor Anderson, binti wa Kimarekani wa miaka 24. Alifundisha katika mji wa Ishinomaki. Tarehe 11 Machi 2011 nchi ilitetemeka, na mawimbi makubwa ya tsunami yakaja. Baada ya tetemeko alikaa na watoto shuleni mpaka wazazi walipowachukua. Kisha akapanda baiskeli kwenda kwake, asifike. Wazazi wake hawakuugeuzia mji ule kisogo. Walizipa shule za huko vitabu na rafu za kuvitunza. Fundi aliyezitengeneza rafu hizo alikuwa amefiwa na watoto wake watatu katika maji yale yale.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye hupona akikubali kufundishwa. Mshahara na hamu ya safari humfikisha mtu. Nia ya kujifunza ndiyo humkalisha. Basi usione haya kushika kalamu ukubwani. Wenye shahada nao huanza na herufi ya kwanza.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Maneno ya kujifunza
Mkataba: mapatano ya kazi yaliyoandikwa.
Irabu: herufi a, e, i, o, u.
Shahada: cheti cha kumaliza chuo kikuu.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kwa nini Japani iliwaalika vijana wa kigeni?
2. Ni sababu gani humkalisha mwalimu ugenini?
3. Mwalimu mgeni akija kijijini kwenu, wewe utamfundisha nini?