"Niko bien, nitaendesha": nani anapima shofere?

Kila mwisho wa mwezi, wakati mushahara umetoka, neno moja linasikika kwenye nganda za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Mutu anasimama, anatafuta ufunguo wa motokari, anasema: "Miye niko bien, nitaendesha tu pole pole." Hasemi uongo. Yeye mwenyewe anaamini. Na hapo ndipo hatari inaanzia.

Pombe inaanza na kichwa

Pombe haianzi na miguu. Inaanza na ile sehemu ya ubongo yenye kutusaidia kupima mambo na kujizuia. Mbele mutu aanze kuyumba, amekwisha kupoteza akili ya kujua kama anachelewa. Kumuuliza mwenye kunywa kama anaweza kuendesha ni sawa na kupima unga kwenye mizani yenye kuharibika.

Tuhesabu. Motokari yenye kutembea kilometa 80 kwa saa inapita mita 22 kila segonde. Shofere akichelewa nusu ya segonde tu kukanyaga freni, amekwisha kusogea mita 11 zaidi. Mita 11 zinatosha kumufikia mama mwenye kuvuka na mutoto mugongoni.

Na barabara yetu, toka Kolwezi mpaka Kasumbalesa, inabeba kamyo za shaba na za asidi. Mwezi wa 2 mwaka 2019, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo ya asidi iligongana na basi, watu karibu 20 wakakufa. Hatusemi kama sababu ilikuwa pombe. Tunasema tu: kwenye njia kama hii, kosa dogo la usukani halibaki dogo.

Hesabu ya chupa tatu

Chupa kubwa ya santilita 72, bia ya asilimia 5, iko na karibu gramu 29 za alkoli. Kwa mwanaume wa kilo 70, chupa moja inaweza kufikisha karibu gramu 0,6 kwa litri ya damu. Kwa mwanamuke wa kilo 55 inaweza kupita 0,8. Kule Ufaransa sheria inakataza kuendesha kuanzia 0,5, na shofere wa basi kuanzia 0,2.

Maini inasafisha karibu gramu 0,15 kila saa, haina haraka. Kahawa, maji ya baridi, kusinzia kidogo: hakuna hata kimoja chenye kuiharakisha. Sasa ona: papa anakunywa chupa tatu kwa haraka, anamaliza saa ine ya usiku. Damu yake inaweza kufika karibu 1,7. Saa kumi na mbili asubuhi, saa 8 zimepita, karibu 1,2 imetoka. Inabaki 0,5! Amelala, ameoga, amevaa kaske ya kazi, anaenda kushika posti ya asubuhi, na pombe ya jana ingali ndani.

Na lutuku je? Chupa yake haina etiketi. Nguvu yake haijulikane, basi hesabu haiwezekane.

Mashini ya pumzi

Alkoli inatembea katika damu, inafika kwenye mapafu, inatoka na pumzi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1954, Mumarekani Robert Borkenstein alitengeneza mashini ya kupima pumzi. Ndani mulikuwa dawa ya manjano yenye kupoteza rangi wakati alkoli inaigusa. Mashini nyingi za leo zinapima umeme mudogo wenye alkoli inazaa ndani yake.

Kutafuna bonbo hakudanganye mashini, maana pumzi inatoka ndani ya mapafu. Lakini aliyemeza pombe sasa hivi, alkoli ya kinywa inaweza kupandisha namba. Ndiyo maana inafaa kungoja dakika 15. Mufanyakazi mwenye kuona kama namba si ya kweli, aombe kwa heshima kuiona na kupimwa tena kisha dakika hizo. Hiyo si ubishi.

Tena, mashini haipime usingizi wala dawa za hospitali zenye kusinzisha. Mutu wa 0,00 asiyelala usiku kucha anaweza kuua vilevile.

Tupange mbele

Muchague mwenye kuendesha mbele ya chupa ya kwanza. Huyo asikunywe hata kidogo, na ufunguo ubaki mukononi mwake. Kama hakuna, motokari ilale pale, ninyi mupande taksi ya shofere asiyekunywa. Aliye na posti ya asubuhi ahesabu saa, asisikilize mwili wake tu.

Na mama, usingoje saa sita ya usiku kugombania ufunguo mulangoni. Kwa nyumba yenu, nani atashika ufunguo siku ya mushahara? Muzungumze leo, wakati kila mutu iko na akili yake.