Stima Iko, Lakini Kuni Bado Jikoni

Katika mikutano ya vikundi huwa tunaulizwa: ikiwa Kenya ina stima ya maji, ya mvuke na ya upepo, mbona sisi bado tunachanja kuni? Jibu limo katika mazingira, na zaidi limo mfukoni.

Mto Tana unatupa stima kupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Lakini mvua ikikosa, stima nayo inakosa. Wengi tunakumbuka ukame wa 1999 na 2000, stima ikigawanywa kwa zamu na wenye mashine za kusaga wakikaa bure.

Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, hautegemei mvua. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Basi kwa nini hatukuchimba mwingi tangu zamani? Pesa. Kisima kimoja huenda chini kilomita mbili au tatu, hugharimu mamilioni ya dola, na pengine mvuke usitoshe. Jenereta ya dizeli ni rahisi kununua, halafu inakula mafuta kila siku. Mvuke unadai karibu yote mwanzoni, kwa hiyo nchi hukopa. Upepo ni vivyo hivyo: kule Loiyangalani mitambo 365 ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini ikangoja hadi 2018 nyaya za kufika Suswa, zaidi ya kilomita 400.

Sasa turudi jikoni, maana hesabu ni ile ile. Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba zinapika kwa kuni. Jiko la stima hulipwa kwa mara moja, kuni huokotwa ama hununuliwa mzigo mmoja mmoja. Mama hachagui moshi kwa ujinga (tumechoka kusikia hivyo kwa wataalamu), anapika na kile pesa ya leo inaweza.

Hata hivyo miti ikiisha vilimani, mvua huteremsha udongo hadi Masinga, na bwawa lililojaa mchanga huweka maji kidogo. Kwa hiyo moto wa jikoni unagusa hata balbu ya Nairobi.

Vikundi vyenye merigoraundi vinaweza kuanza hapa: badala ya kumpa mwanachama pesa zote mkononi, zamu yake ikifika anunuliwe kwanza jiko la kuokoa kuni, kisha apewe salio.