Fahamu: Maji ya silanga za Bute huchafuka yakiwa njiani

Bute, mji wa Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, hauna mto wa kudumu. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye laga, yaani mikondo ya maji ya msimu, na kujaza silanga, yaani mabwawa ya kukusanya maji ya mvua.

Uchafu huanzia huko juu. Maji hupita malishoni na makazini, yakizoa samadi, mizoga na udongo uliobaki wazi baada ya miti kukatwa. Kwa hiyo kuzungushia silanga ua ni nusu tu ya kazi. Mifugo inapaswa kunyweshwa kwenye birika la pembeni, vyoo vijengwe mbali na laga, na majani yaachwe yaote kwenye mkondo ili yazuie tope.

Mjini Wajir, tofauti na Bute, tatizo liko chini ya miguu. Maji ya ardhini yako karibu mno na uso wa nchi, vyoo vya shimo huchafua visima, na ndiyo maana vyoo vya ndoo vilitumika kwa miaka mingi.

Kulinda vyanzo hivi ni kazi ya pamoja, na Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Katika maeneo ya wafugaji wanaohamahama, vyama hivyo vinapaswa kuwahusisha pia wanaopita na mifugo msimu wa kiangazi.