Mwanzo Unaokuja Mwisho: Usawiri wa Wahalifu katika Hadithi Tangulizi za "Banana Fish"

Neno manga, kwa mzungumzaji wa Kiswahili, huleta Uarabuni na pilipili. Manga inayorejelewa katika makala haya ni nyingine: ni hadithi ya Kijapani inayosimuliwa kwa michoro na maneno machache, na ambayo husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto. Wapo wahakiki wanaoiona sanaa hii kuwa burudani ya watoto tu. Banana Fish ya Akimi Yoshida ni jibu tosha kwao. Kazi hii ilichapishwa kwa mfululizo kuanzia 1985 hadi 1994 katika Bessatsu Shojo Comic, ambalo ni jarida la wasichana, kisha ikakusanywa katika juzuu 19. Ajabu ni kwamba katika jarida hilo la wasichana mna risasi, dawa za kulevya, usaliti na watoto wanaouzwa kwa watu wazima.

Mandhari yake ni New York ya miaka ya 1980. Ash Lynx, kijana wa miaka 17, anaongoza genge la mtaani. Alilelewa chini ya mkono wa Dino Golzine, jambazi mkuu wa Kikorsika aliyemdhulumu tangu utotoni na ambaye bado anamhesabu kuwa mali yake. Ash anatafuta maana ya maneno mawili, "banana fish", ambayo kaka yake, Griffin, amekuwa akiyatamka tangu aliporukwa na akili katika vita vya Vietnam na kuwafyatulia risasi askari wenzake. Maneno hayo yanatokana na hadithi fupi ya J. D. Salinger ya mwaka 1948. Katika kazi ya Yoshida yanageuka kuwa jina la dawa inayomwondolea mtu hiari yake. Kandokando ya Ash yupo Eiji Okumura, mwanafunzi Mjapani ambaye hajawahi kushika silaha, na Shorter Wong, kiongozi wa vijana wa mtaa wa Wachina.

Msomaji anapokutana na Shorter kwa mara ya kwanza, mhusika huyu amekwisha kukamilika. Ana miwani yake ya giza, mzaha wake, na uaminifu kwa Ash ambao haukuelezwa ulitoka wapi. Wasomaji wa riwaya pendwa za Kiswahili wameizoea hali hii: Willy Gamba wa Musiba naye huingia uwanjani akiwa tayari ni Willy Gamba, na hakuna anayeuliza utoto wake. Katika Banana Fish, hata hivyo, pengo hilo linauma, kwa sababu Shorter hafiki mwisho wa hadithi. Anatiwa dawa ile na kuamrishwa amuue Eiji. Ash analazimika kumpiga risasi rafiki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo Yoshida anapotoa Angel Eyes. Hii ni hadithi tangulizi, yaani hadithi iliyotungwa baadaye lakini inayosimulia yaliyotangulia. Ifahamike kuwa mbinu hii si sawa na kisengere nyuma. Kisengere nyuma hukaa ndani ya masimulizi na kuyatumikia. Hadithi tangulizi husimama peke yake, ikiwa na mwanzo na mwisho wake, huku ikitegemea kwamba msomaji anabeba kichwani kisa kizima kingine. Angel Eyes inatupeleka katika gereza la watoto, miaka michache kabla ya Banana Fish kuanza, mahali ambapo Ash na Shorter walijuana. Ash anaingia humo akiwa mgeni mwenye sura nzuri, na kwa hivyo wafungwa wenzake wanamwona kama windo. Shorter anasimama upande wake. Polepole anagundua kwamba huyu anayemhurumia ni hatari kuliko wote wanaomwinda.

Jambo la kuzingatia hapa ni mtazamo. Tunamwona Ash kwa macho ya Shorter. Katika hadithi tangulizi nyingine, Private Opinion, anayetazama ni Blanca, muuaji wa kulipwa aliyewahi kuwa jasusi wa Kisovieti na ambaye Golzine alimwajiri amfunze Ash kazi ya kuua. Mara zote mbili Yoshida anakataa kutuingiza katika moyo wa Ash. Wahusika wengine wanabaki kumkisia, nasi tunakisia pamoja nao. Hadithi ya Blanca ina fikra nzito zaidi, lakini inaeleza mno. Angel Eyes ina nguvu kwa kuwa inanyamaza mahali pengi.

Hata majina yanafanya kazi. Jina la kuzaliwa la Ash ni Aslan, ambalo kwa Kituruki ni simba. Jina la mtaani, Lynx, ni la paka mwitu mdogo, jamaa wa mbali wa simbamangu wetu. Ni kana kwamba mtaa umempunguza simba. Aidha, katika hadithi kuu Ash anamsimulia Eiji habari za chui wa Hemingway, yule ambaye mzoga wake uliganda karibu na kilele cha Kilimanjaro katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1936. Chui huyo hakubuniwa: mzoga wake ulionekana kweli mlimani humo katika miaka ya 1920. Ash hujiona katika mnyama huyo aliyepanda asikoweza kurudi. Eiji anamkatalia kwa hoja nyepesi, kwamba yeye si chui bali ni binadamu, na binadamu anaweza kubadili njia. Mabishano hayo ndiyo kiini cha kazi nzima, na Angel Eyes inayapa uzito mpya, kwa kuwa inaonyesha kwamba kabla ya Eiji alikuwapo kijana mwingine aliyemchukulia Ash kuwa binadamu.

Yapo malalamiko ya haki. Ulimwengu huu wa magenge karibu hauna wanawake, na uzuri wa michoro wakati mwingine unaufanya ukatili upendeze kuliko inavyostahili. Mfululizo wa katuni wa televisheni wa mwaka 2018, ulioihamisha hadithi hadi karne ya 21 na kuweka Irak mahali pa Vietnam, haukuliondoa tatizo hilo.

Limebaki swali la mpangilio, ambalo wasomaji wapya huliuliza: je, Angel Eyes isomwe kwanza, maadamu matukio yake ndiyo ya kwanza? Isisomwe kwanza. Anayeanza nayo atapata kisa kizuri cha urafiki gerezani, basi. Anayeifikia baada ya juzuu zote 19 atamwona Shorter akimkaribia yule mgeni, na atajua ni mkono wa nani utakaomuua.