Je, Wajua? Chumba Namba 306

Chumba alichofikia mtetezi wa haki za weusi Martin Luther King mjini Memphis, Marekani, kipo hadi leo kwa sababu mwenye hoteli alikataa kukipangisha tena. King alikuwa amekwenda kuwaunga mkono wazoataka waliogoma. Aprili 4, 1968, saa 12:01 jioni, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani mbele ya chumba namba 306 cha Lorraine Motel. Walter Bailey aliinunua hoteli hiyo mwaka 1945 akaipa jina lililotokana na la mkewe, Loree, na iliwapokea weusi enzi hoteli nyingi zikiwafungia milango. Loree alipatwa na kiharusi siku ileile ya mauaji, akafariki Aprili 9, siku King alipozikwa.

Bailey hakuondoka. Chumba 306 alikifunga kiwe kumbukumbu, vingine akaendelea kuvipangisha hadi madeni yakamshinda. Mwaka 1982 watu wa Memphis waliochangishana fedha waliinunua hoteli mnadani kwa dola 144,000. Jumba la makumbusho lilifunguliwa hapo mwaka 1991, miaka mitatu baada ya Bailey kufariki. Heshima ya mahali pale kwanza ni yake.

Je, wajua kwamba si wote waliofurahi? Mpangaji wa mwisho, mwanamke aliyetolewa kwa nguvu mwaka 1988, alikaa nje ya jengo miaka mingi akipinga. Alisema King angependa fedha za makumbusho ziwajengee maskini nyumba. Hoja yake ni nzito, na yeyote anayejenga kumbukumbu ya mtetezi wa wanyonge anapaswa kuijibu.

Ng'ambo ya barabara, nyumba ya kupangisha vyumba ambako risasi ilifyatuliwa nayo imekuwa sehemu ya makumbusho tangu 2002.

Ford's Theatre, ukumbi wa maigizo wa Washington alikopigwa risasi Rais Abraham Lincoln Aprili 14, 1865, ilipata bahati mbaya zaidi. Serikali iliinunua, ikang'oa jukwaa na viti, ikaigeuza ofisi. Juni 9, 1893 sakafu za ndani ziliporomoka na kuua makarani 22. Siku hiyohiyo New York ilikuwa ikifanyika ibada ya mazishi ya mwigizaji Edwin Booth, kaka yake muuaji wa Lincoln. Ukumbi anaouona mgeni leo ulijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1968. Kiti alichokalia Lincoln hakimo: kiko katika makumbusho ya Henry Ford, Michigan, aliyekinunua mnadani mwaka 1929 kwa dola 2,400. Hii ndiyo hasara ya kuchelewa kuhifadhi. Kuta hujengwa upya, lakini vitu vilivyoshuhudia tukio vikishatawanyika, kuvirudisha ni shida.

Na Nairobi je? Waziri wa Kenya Tom Mboya aliuawa Jumamosi, Julai 5, 1969, akitoka duka la dawa kwenye Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Sanamu yake ilizinduliwa kwenye barabara hiyo mwaka 2011, baada ya miaka 42. Walioiona Nairobi ya siku ile wanazidi kupungua. Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyekuwepo, au ipo picha ya mtaa ule ya miaka hiyo, mrekodi mzee huyo na uitunze picha hiyo sasa.